Huoni Nje Kupitia Pazia? Tafuta Chanzo Kabla ya Kulibadilisha

Pazia la rola la kitambaa cha matundu hununuliwa kwa ahadi mbili: jua lizuiwe, na nje iendelee kuonekana. Ahadi ya kwanza hutimia mara nyingi. Ya pili ndiyo inayozaa malalamiko. Mtu anashusha pazia, na mti uliokuwa mbele ya dirisha unageuka doa la kijani lisilo na majani. Anashauriwa achukue kitambaa chenye matundu makubwa zaidi. Anabadilisha, analipa, na doa liko palepale, safari hii na jua likimpiga machoni.

Nimepima, nimekata na kuning'iniza vitambaa hivi kwa muda mrefu, na jambo ninalotaka lieleweke ni moja. Mara nyingi kosa si la matundu. Ni la mwanga unaoangukia kitambaa chenyewe. Pazia likiwaka, nje inazimika. Ndiyo maana naomba upime kwanza, na vipimo vyenyewe havihitaji kifaa chochote.

Anza na macho na viganja vyako

Simama kama mita moja kutoka dirishani mchana, pazia likiwa limeshushwa nusu. Tafuta nje kitu chenye vipande vidogo: majani, matofali, maandishi ya bango. Kitazame chini ya ufito wa pazia, halafu inama kidogo ukitazame kupitia kitambaa. Usijiulize kama kinaonekana au hakionekani. Jiulize ni nini kimepotea. Je, vyote vimekuwa vyeupe-vyeupe kama vimefunikwa na maziwa? Je, vimekuwa vyeusi tu, lakini kila jani liko mahali pake? Au macho yanarudi kwenye nyuzi na kukataa kwenda mbali?

Kisha zima taa za chumbani. Kama nje imerudi, umeshapata sehemu ya jibu.

Mwisho, sogea mpaka uso ukaribie kitambaa, zungushia macho viganja kama mtu anayechungulia kupitia kioo cha duka lililofungwa. Viganja vinazuia mwanga wa chumba usiangukie ile sehemu unayoitazama. Nje ikionekana vizuri zaidi, tatizo linatoka ndani ya chumba. Isipobadilika, tatizo ni mwanga wa nje unaotawanyika ndani ya nyuzi zenyewe. Hizi ni hali mbili tofauti, na dawa ya moja haiponyi nyingine.

Nje imefunikwa na ukungu mweupe, hasa jua likipiga dirisha

Hili ndilo lalamiko kubwa kuliko yote, kwa hiyo nitakaa hapa.

Mwanga hupita kwenye kitambaa cha matundu kwa njia mbili. Sehemu moja inapita kwenye tundu moja kwa moja bila kuguswa. Hiyo ndiyo inayobeba picha ya nje. Sehemu nyingine inagonga uzi, inapenya au kudundadunda, kisha inatoka upande wa pili ikiwa imetawanyika kila upande. Hii ya pili haina picha yoyote. Inakifanya kitambaa king'ae tu, na mng'ao huo unajipaka juu ya picha iliyopita kwenye matundu.

Uzi mweupe hupitisha na kutawanya mwanga mwingi. Uzi mweusi humeza karibu wote. Namba zilizoandikwa kwenye lebo, asilimia 1, 3, 5, 10 au 14, zinahusu matundu tu: ni sehemu gani ya eneo la kitambaa iliyo wazi ukikitazama kwa unyoofu. Kitambaa cheupe cha asilimia 5 na cheusi cha asilimia 5 vina matundu sawa kabisa, ila kutazama nje kupitia kimoja si sawa na kutazama kupitia kingine.

Tufanye hesabu ya mfano, kioo tukiweke kando. Chukulia jani lenye jua lina mng'ao wa kandela 1,500 kwa mita ya mraba, na jani la jirani yake lililo kivulini lina 300. Kwa macho matupu, la kwanza linang'aa mara 5 kuliko la pili, na tofauti hiyo ndiyo inayokuonyesha kwamba ni majani mawili. Matundu ya asilimia 5 yanapunguza yote mawili sawasawa: 75 na 15. Bado ni mara 5. Matundu peke yake hayajaharibu chochote, yametia giza tu, na jicho hulizoea giza hilo upesi.

Sasa leta jua juu ya kitambaa, luksi 20,000 (luksi hupima mwanga unaoangukia uso, kandela kwa mita ya mraba hupima mng'ao unaouona). Kama kitambaa ni cheupe na kinatawanya asilimia 15 ya mwanga huo kuelekea ndani, chenyewe kitang'aa kwa takriban kandela 950 kwa kila mita ya mraba. Jumlisha: jani la juani sasa ni 1,025, la kivulini ni 965. Tofauti ni mara 1.06. Majani mawili yamekuwa doa moja. Kama kitambaa ni cheusi na kinatawanya asilimia 1 tu, mng'ao wake ni kama 64, na majani yanabaki 139 kwa 79, mara 1.76. Hapo majani unayaona.

Je, tukiyapanua matundu ya kile cheupe mpaka asilimia 10, na mtawanyiko tukauacha ulivyokuwa? Tunapata 1,100 kwa 980, yaani mara 1.12. Umezidisha matundu mara mbili, umeruhusu jua la moja kwa moja mara mbili, na faida uliyopata katika kuona ni ndogo mno ukilinganisha na ile ya kubadilisha rangi peke yake. Namweleza hivi kila anayeniomba matundu makubwa zaidi, na namwonyesha vipande viwili kwenye dirisha lake mwenyewe ili asiniamini kwa maneno tu.

Basi dawa ni rangi nyeusi, kijivu cha mkaa au kahawia iliyokolea. Pingamizi linalofuata ni joto, na ni pingamizi la haki. Kitambaa cheusi kilichofungwa ndani ya kioo humeza jua, kinapata moto, na moto huo unabaki chumbani. Cheupe hurudisha sehemu kubwa ya jua nje kupitia kioo kabla halijawa joto. Hapa kuna njia mbili nzuri. Kama pazia linaweza kufungwa upande wa nje wa dirisha, tumia cheusi bila wasiwasi, kwa sababu joto lililomezwa linaondoka na hewa ya nje. Kama lazima liwe ndani, tafuta kitambaa chenye nyuso mbili: upande wa kioo uwe mweupe au uliopakwa alumini, upande wa chumba uwe mweusi.

Na hapo kwenye nyuso mbili kuna kosa ambalo nimelikuta zaidi ya mara moja: kitambaa kimefungwa kinyume. Uso mweupe umeangalia chumbani, mweusi umeangalia jua. Mwenye chumba amepata joto la kitambaa cheusi na ukungu wa kitambaa cheupe kwa wakati mmoja. Kagua kwenye ufito wa chini, pale kitambaa kinapokunjwa na kushonwa. Pindua ukingo kwa kidole utaona rangi zote mbili. Mara nyingi hakuna haja ya kununua kitambaa kipya. Kinatolewa kwenye bomba kinalozungushiwa, kinageuzwa, kinafungwa tena.

Nje inarudi ukizima taa

Kipimo cha viganja kimekwambia shida iko ndani. Taa ya dari iliyo karibu na dirisha inamulika uso wa pazia, na pazia jeupe linairudisha machoni mwako. Hata ukuta mweupe unaopigwa na jua kutoka dirisha jingine unaweza kufanya hivyo. Zima safu ya taa iliyo karibu na dirisha, au ielekeze kwingine. Uso mweusi upande wa chumba unamaliza sehemu kubwa ya tatizo hili pia.

Mchana naona nje. Usiku sioni kitu, ila walio nje wananiona

Hakuna kilichoharibika. Hiki ndicho kitambaa cha matundu kinavyofanya kazi, na anayekuuzia kwa maneno kwamba kinaonyesha upande mmoja tu amekupa nusu ya habari. Kitambaa hakijui upande. Kinachoamua ni wapi kuna mwanga mwingi. Mchana mwanga uko nje: picha ya nje ina nguvu, na aliye nje anauona uso wa pazia uking'aa kwa jua badala ya kukuona wewe. Usiku mambo yanageuka. Uso wa ndani wa pazia unamulikwa na taa zako na kukuficha giza la nje, huku aliye gizani akipata picha yako kupitia matundu yaleyale. Kioo nacho kinaongeza sura ya chumba chako juu ya yote.

Kupunguza matundu kutoka asilimia 5 hadi 3 hakutakupa faragha ya usiku. Kutapunguza tu ukali wa picha yako. Panapohitajika faragha, weka pazia la pili lisilopitisha mwanga, la kushushwa jioni, na uache la matundu lifanye kazi ya mchana. Mtu akitaka kuona nje usiku, dawa ni taa: hafifu, chini, na mbali na dirisha.

Pazia limeshushwa lakini jua bado linanichoma jicho

Hapa watu hukimbilia kitambaa cheupe wakidhani kinalainisha. Kwanza tambua ni nini kinachokuumiza. Ukiliona jua lenyewe kama nukta kali nyuma ya nyuzi, chanzo ni matundu, na rangi haitakusaidia. Jua likiwa juu angani, uso wake una mng'ao unaozidi kandela bilioni 1 kwa mita ya mraba. Asilimia 3 ya hizo ni milioni 30 na zaidi. Hata ukitoa kinachopunguzwa na kioo na jua kushuka, kinachobaki hakina uhusiano wowote na skrini ya kompyuta, ambayo mara nyingi iko kwenye mamia tu. Anayekaa akilitazama dirisha lenye jua la asubuhi au la jioni anahitaji matundu ya asilimia 1 au chini ya hapo kwa saa hizo, au kiti kigeuzwe.

Lakini kama jua halionekani, na kinachokuchosha ni pazia zima kuwaka kama karatasi mbele ya taa, hilo ni lile tatizo la kwanza la mtawanyiko. Rangi iliyokolea ndiyo dawa.

Habari njema ni kwamba kitambaa cheusi cha asilimia 1 kinaweza kukuonyesha nje vizuri kuliko watu wanavyotarajia. Kiko gizani, ndiyo, lakini picha yake haijapakwa maziwa.

Macho yanashika nyuzi badala ya nje

Jicho zima hutenganisha vitu vilivyopishana kwa takriban dakika 1 ya digrii, yaani sehemu moja ya 60 ya digrii. Kwa umbali wa mita 1 hiyo ni kama milimita 0.3, kwa mita 2 ni karibu milimita 0.6. Uzi mwembamba kuliko hapo unayeyuka kuwa kivuli laini. Uzi mnene unabaki kuwa wavu, na jicho linavutwa kulenga wavu badala ya mti.

Kwa hiyo tazama mtu anakaa wapi. Meza ikiwa sentimita 50 kutoka dirishani, kitambaa cha nyuzi nene zilizofumwa kwa mtindo wa mkeka kitamsumbua siku nzima hata kama matundu yake ni asilimia 10. Kitambaa cha nyuzi nyembamba chenye asilimia ndogo zaidi kitamfaa kuliko hicho. Kama hakuna anayekaa karibu na dirisha, mfumo wa kufuma una uzito mdogo. Usilipie ziada kwa ajili yake. Na kabla ya yote, jaribu kuirudisha meza nyuma kwa hatua moja.

Mbele kunaonekana, pembeni kumefungwa

Asilimia ya matundu hupimwa kwa kutazama kitambaa kwa unyoofu. Ukitazama kwa mshazari, unene wa nyuzi unaingia kati. Kama tundu lingekuwa na kuta zilizonyooka na upana sawa na unene wa kitambaa, lingefungika kabisa ukilitazama kwa digrii 45. Nyuzi za duara hazifungi kwa ukali huo, ila mwelekeo ni uleule: kitambaa kinene kinakunyima mtaa wa pembeni mapema zaidi kuliko chembamba chenye asilimia ileile.

Baadhi ya vitambaa vina matundu marefu kuliko mapana, hivyo kuona chini na kuona pembeni havilingani. Kata kipande cha sampuli, kizungushe robo duara mbele ya jicho huku ukitazama upande unaoujali. Tofauti ikiwa kubwa, uliza kama kitambaa kinaweza kukatwa kwa upande. Upana wa jora ndio utakaoamua.

Mawimbi yanayotembea ninapogeuza kichwa

Hii ni nyavu mbili kukutana: pazia na wavu wa mbu, au mapazia mawili mepesi. Mistari ya moja inapishana na ya nyingine, na pale zinapolingana panakuwa wazi, zinapopishana panakuwa giza. Ukisogea, mafungu hayo yanatembea. Inua safu moja. Mawimbi yakitoweka, umethibitisha. Kuzungusha wavu mmoja kidogo hubadilisha sura ya mawimbi bila kuyaondoa. Kinachosaidia ni kuachanisha ukubwa wa matundu: wavu mmoja uwe laini zaidi sana kuliko mwingine. Tofauti ikiwa kubwa, mawimbi yanakuwa membamba kiasi kwamba jicho haliyatambui.

Taa za usiku zinatoa misalaba

Usiku, taa ya mbali kupitia kitambaa laini inaweza kuonekana kama msalaba, au ikiwa na taa ndogo-ndogo zilizopangwa kando yake. Hilo si kasoro ya kitambaa wala ya macho yako. Ni mwanga kupinda kwenye matundu yaliyopangwa kwa usawa. Mwaka 1785 Mmarekani Francis Hopkinson alitazama taa ya barabarani kupitia leso ya hariri, akashangaa kuona mistari myeusi isiyosogea alipoisogeza leso, akamwandikia mwanaastronomia David Rittenhouse kumuuliza sababu. Rittenhouse hakuridhika na leso. Alitengeneza wavu wake kwa nywele zilizotandazwa sambamba kati ya skrubu mbili laini, akayachunguza mambo hayo kwa vipimo. Mimi hulipenda tatizo hili moja. Aliyeudhika nalo ana njia fupi: kuinua pazia usiku, au kutumia kitambaa cha matundu makubwa zaidi, ambacho husogeza taa hizo za pembeni karibu na taa yenyewe hadi zisionekane.

Rangi za nje zimebadilika

Kitambaa cha krimu au kahawia nyepesi hupaka kila kitu rangi yake, kwa sababu mwanga uliotawanyika umepita ndani ya nyuzi zake. Nyeusi na kijivu huacha rangi kama zilivyo. Usisahau kukagua kioo: kama kina tinti, hakuna kitambaa kitakachoirudisha rangi iliyokwisha chujwa.

Lilikuwa linaonyesha vizuri, sasa limefifia

Vumbi. Linaziba matundu, na kwa kuwa ni jeupe-jeupe, linakigeuza kitambaa cheusi kuwa cha kijivu kinachong'aa juani. Yaani linaharibu kwa njia zote mbili kwa pamoja. Futa sehemu ndogo kwa kitambaa chenye unyevu na sabuni isiyo kali, kisha linganisha na pembeni yake. Nyuzi za faibaglasi au poliesta zilizopakwa PVC (aina ya plastiki) hustahimili kufutwa hivyo. Usisugue kwa brashi ngumu na usikunje, hasa faibaglasi, kwani mkunjo wake hauondoki. Futa na kioo pia, pande zote mbili. Kioo chenye vumbi kinachopigwa na jua kinatoa ukungu uleule, na kitambaa ndicho hulaumiwa.

Mistari ya wima iliyojipinda kwenye pazia pana ni suala la mvutano au bomba lililolemewa likabonyea katikati. Hiyo ni kazi ya fundi, si ya kubadilisha kitambaa.

Ikibidi kununua kingine

Uliza namba mbili, si moja: asilimia ya matundu, na asilimia ya mwanga wote unaopita. Zikikaribiana, karibu mwanga wote unaoingia unabeba picha. Ya pili ikiwa kubwa mara nyingi kuliko ya kwanza, unanunua ukungu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, walichapisha mwaka 2015 kipimo cha uwazi wa kuona nje kupitia mapazia, na kilijengwa juu ya namba hizohizo mbili. Kiwango cha Ulaya EN 14501 nacho huvipanga vitambaa kwa madaraja ya kuonana na nje, kuanzia 0 hadi 4, kwa kuangalia mwanga unaopita moja kwa moja pamoja na ule unaotawanyika. Karatasi ya kitambaa ikiwa na daraja hilo, lisome kabla ya kusoma jina la rangi.

Kisha omba sampuli mbili au tatu, kila moja isipungue ukubwa wa karatasi ya kuandikia. Zibandike kwenye kioo cha dirisha husika kwa gundi ya karatasi, ukaribie umbali ambao pazia litakaa, na uziache siku nzima. Keti pale unapoketi kila siku. Zitazame jua likizipiga, likiwa limehama, na taa zikiwa zimewashwa jioni. Ile ambayo saa ya jua kali bado inakuhesabia majani, hiyo ndiyo ya kukatwa.